Filamu ya kutisha ya ngano, kwa simu na mfuko mdogo: hatua kwa hatua

Wanaoanza kutengeneza filamu za kutisha huuliza maswali yaleyale. Ninunue kamera gani? Zimwi nitalitengenezaje bila pesa? Mbona watu wanaicheka badala ya kuogopa? Nimeyajibu hapa yote kwa pamoja, kwa aina moja ya filamu ninayoipenda kuliko zote: filamu fupi ya dakika 8 hadi 15, iliyojengwa juu ya ngano, inayokwenda kama ndoto, iliyopigwa na watu watano au sita wasio na mdhamini.

Nasema ngano kwa sababu huko ndiko tulikojaaliwa. Kuna msichana aliyefungiwa ndani ya ngoma. Kuna paka aliyeanza na vifaranga, akaenda kwa mbuzi, mwisho akala watu. Kuna mume mzuri asiye na kovu hata moja, ambaye usiku ni kitu kingine kabisa. Na ngano haidai gharama, kwa kuwa msimulizi haelezi. Zimwi linabisha hodi, mama anajibu karibu, hadithi inaendelea. Hakuna anayesimama kusema kwamba jambo hili haliwezekani. Lishike hilo kuliko jingine lolote nitakalokwambia: katika filamu hii ajabu halielezwi, wala wahusika hawalishangai. Ukianza kulieleza utalazimika kulionyesha, na kulionyesha ndiko kunakokula pesa.

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho, ngano ya msichana na ngoma. Msichana anakwenda pwani na wenzake kuokota makombe. Analisahau kombe lake zuri juu ya mwamba, anarudi peke yake huku akiimba. Zimwi limekaa pale. Linamwambia asogee, halisikii vizuri. Anasogea. Linamtia ndani ya ngoma na kuzunguka naye vijijini. Likipiga ngoma, msichana anaimba, na watu wanalilisha. Siku moja linafika kijijini kwao, na mama anaitambua sauti.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Simu yenye kamera nzuri ya nyuma, na programu inayokuruhusu kufunga mwanga, fokasi (ukali wa picha) na shata (muda ambao kila picha hupokea mwanga) ili visibadilike vyenyewe. Blackmagic Camera ni ya bure, kwa iPhone na kwa baadhi ya simu za Android.
- Stendi ya simu isiyotikisika.
- Maiki ndogo ya kubana kwenye shati, na simu ya pili ya kurekodia sauti. Pesa ikitosha kitu kimoja tu, nunua maiki.
- Tochi yenye nguvu, balbu mbili za LED zenye waya mrefu, shuka jeupe la kulainisha mwanga.
- Kaniki au kitambaa chochote cheusi, mita kadhaa.
- Kompyuta yenye programu ya kuediti ya DaVinci Resolve, toleo la bure. Kama huna kompyuta, CapCut kwenye simu inatosha kwa filamu ya kwanza. Audacity kwa ajili ya sauti, nayo ni ya bure.
- Sehemu mbili za kuhifadhi, ili kila klipu iwe na nakala.
- Chakula na nauli za watu wako. Ziweke kwenye bajeti kabla ya kitu kingine chochote. Mtu anayekuigizia bila malipo kisha akalala njaa kesho haji, na ana haki.

Hatua ya 1: Ichambue ngano ubakize vitu vitatu

Chukua daftari, andika mwiko, kitu na wimbo.

Mwiko ni lile katazo ambalo likivunjwa balaa inaanza. Kwenye mfano wetu: usirudi pwani peke yako. Uwe mmoja, na mtazamaji ausikie mapema, tena usemwe kwa wepesi, kama mama anavyomwambia mtoto asisahau ndoo.

Kitu ndicho kitakachobeba hofu: ngoma. Chagua kitu ambacho kipo majumbani na hakigharimu: ungo, kinu, mtungi, mkeka uliokunjwa, kabati la nguo. Filamu ikiisha, mtazamaji asikiangalie tena kitu hicho kwa amani.

Wimbo ni silaha ambayo wengi wanaisahau. Ngano zetu huimbwa katikati, na kibwagizo hurudi na kurudi. Tunga mistari miwili au mitatu, maneno ya kitoto, yasiyo na damu ndani. Mara ya kwanza uimbwe na watoto wakicheza. Mara ya pili na msichana peke yake. Mara ya tatu utoke ndani ya ngoma. Wimbo ni uleule na maneno hayajabadilika, lakini mtazamaji amebadilika. Utunge mwenyewe, usichukue muziki wa mtu mtandaoni.

*Kosa la kawaida:* kujaza zimwi, jini, mganga, kaburi na mapacha ndani ya dakika kumi. Ajabu moja ikikaa vizuri inatosha.

Hatua ya 2: Andika skripti fupi kuliko unavyotaka

Ukurasa mmoja ni takribani dakika moja. Andika kurasa 8 hadi 10, sehemu mbili za kupigia, waigizaji watatu au wanne.

Mazungumzo yawe ya kawaida kabisa. Mama amepika, zimwi limeketi mkekani, ngoma iko katikati. Mama anauliza, "Utakula ugali au wali?" Zimwi linajibu, "Wali." Ngoma inakohoa. Mama anaongeza mchuzi. Sini hiyo haina gharama yoyote na inatisha kuliko kelele za dakika nzima, kwa sababu wote wanajifanya mambo ni sawa.

Usimalizie kwa "kumbe ilikuwa ndoto". Mtazamaji amekupa imani yake, usimdhulumu. Ngano yenyewe ina mwisho mzuri kuliko huo: katika masimulizi mengi wazazi wanamtoa msichana kimyakimya wakati zimwi limelala, kisha wanajaza ngoma nyuki au nyoka. Chagua nyuki. Nyuki unaweza kuwasikia tu bila kuwaona.

Hatua ya 3: Mahali, ruhusa na majirani

Tafuta nyumba moja na eneo moja la nje lisilo mbali nayo. Kuta za matumbawe zilizochakaa, nyumba isiyomalizika kujengwa, shamba la minazi, ufuko wenye mikoko: vyote hivyo ni mapambo ya bure. Ukipiga ufukweni, uliza wavuvi maji yanajaa saa ngapi siku hiyo.

Tanzania Bara, filamu na vibali viko chini ya Bodi ya Filamu. Zanzibar ni BASSFU, baraza la sanaa na sensa ya filamu. Kenya, madaraja ya filamu hutolewa na KFCB, bodi ya kuainisha filamu. Waulize kabla ya kuanza, kwa sababu utaratibu na ada hubadilika.

Sasa onyo ambalo naomba ulichukulie kwa uzito. Usipige sini ya usiku yenye mtu aliyevaa kinyago au shuka bila kumwarifu mwenyekiti wa mtaa, majirani na kituo cha polisi kilicho karibu. Mtu anayenyemelea nyumba usiku akiwa na sura ya ajabu anaweza kupigiwa yowe la mwizi au la mchawi, na umati haungoji maelezo. Mmoja wenu akae nje muda wote, amevaa kawaida, kazi yake ni kuzungumza na wapita njia.

Mapango ya mizimu, makaburi na miti ya matambiko usiviguse bila wenyewe. Mbuyu wa kawaida upo.

Hatua ya 4: Zimwi

Zimwi lako ni mtu wa kawaida mwenye jambo moja lisilo sawa. Achague moja: hapepesi macho, au anacheka sekunde mbili baada ya wengine, au viatu vyake viko kinyume, kushoto kulia. Mvishe kanzu safi na koti. Ukali wa uso hauhitajiki.

Ukitaka kinyago, chana magazeti vipande, yabandike kwa gundi ya unga wa ngano juu ya beseni lililopinduliwa na kufunikwa plastiki, tabaka nne au tano, kila moja likauke kwanza. Kipake rangi moja isiyong'aa. Kinyago kisicho na mdomo kinatisha kuliko chenye meno, na kuonekana kionekane kidogo: kwenye kioo, nyuma ya pazia, nusu mlangoni.

Damu, kama ni lazima: chemsha sukari na maji mpaka vinate, tia rangi nyekundu ya chakula na kakao kidogo ili isiwe kama soda. Inatia doa, hivyo nguo ziwe mbili. Lakini filamu ya ngoma haihitaji damu, na nakushauri uiache.

Kuna sura ambazo usizitumie. Usimfanye bibi kizee mwenye macho mekundu kuwa mchawi wako. Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu, ambayo mara nyingi ni ya moshi wa kuni wa miaka mingi, yamechukuliwa kuwa ushahidi. Usimtumie mtu mwenye ualbino kama mzuka. Wenzetu hao wamekatwa viungo na kuuawa kwa imani za namna hiyohiyo. Filamu yako itaangaliwa kwenye simu kijijini, na haitafuatana na wewe wa kuifafanua.

Hatua ya 5: Panga ratiba kwa kufuata jua

Huku kwetu karibu na ikweta jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni, na likishazama giza haliko mbali. Ile rangi ya bluu ya wakati wa magharibi utaipata kwa dakika 20 hivi. Fanyeni mazoezi mapema, kamera isimame mahali pake, na mpange shoti mbili tu za wakati huo. Watoto wengi wa pwani wamekatazwa kuwa nje wakati wa magharibi. Mtazamaji ataogopa kabla hujafanya lolote.

Usidharau saa sita mchana. Jua likiwa utosini, macho ya mtu huzama kwenye vivuli vyake na uso unakuwa kama fuvu. Wapiga picha huukimbia mwanga huo. Wewe ulete zimwi kwenye mchanga mweupe saa sita, bila giza la kujifichia.

Sini za usiku nyingi zipige mchana ndani ya nyumba, madirisha yakizibwa kaniki. Kama lazima iwe nje, piga mchana ukijifanya usiku: jua liwe nyuma ya mwigizaji, punguza mwanga wa kamera kama stopu mbili (yaani ubaki robo), rangi ya picha uielekeze kwenye bluu, na usionyeshe anga.

Hatua ya 6: Kupiga

1. Weka fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo kwa mpangilio huo taa nyingi hazitapepesa kwenye picha.
2. Futa lenzi. Kila mara.
3. Zima mtandao wa simu kwa hali ya ndege.
4. Tumia lenzi kuu ya nyuma. Usivute picha kwa vidole, sogea wewe.
5. Funga fokasi na mwanga kabla ya kila shoti, la sivyo picha itang'aa na kufifia yenyewe mwigizaji akipita.
6. Shoti ya kwanza ya kila sini iwe pana na ndefu, sini nzima bila kukata. Hiyo ni akiba yako.
7. Kisha sogelea nyuso, mikono, na kitu chenyewe. Ngoma ipigie shoti yake peke yake, kwa muda mrefu, kana kwamba inasikiliza.
8. Mwisho wa siku, hamisha klipu sehemu mbili kabla hujala.

Kamera itulie. Wanaoanza huitikisa wakidhani inaleta hofu, kumbe hofu ya ngano iko kwenye utulivu: fremu imesimama, mlango uko wazi nyuma, mtazamaji anaukodolea macho mwenyewe.

*Usalama:* kibatari na paa la makuti havikai pamoja. Weka balbu ndogo ya manjano badala ya moto. Usiwashe jiko la mkaa ndani ya chumba kilichozibwa ili upate moshi, hewa yake inaua bila harufu ya kukustua. Tumia ubani kidogo, dirisha moja wazi, na taa iwe nyuma ya moshi, kwani moshi ukimulikwa kutoka mbele hauonekani vizuri. Mtoto anayeigiza asifungiwe ndani ya kitu chochote hata kwa sekunde moja, na mzazi wake awepo. Sauti ya ndani ya ngoma tutaitengeneza baadaye.

Hatua ya 7: Hila tatu za ndoto

*Kurudisha nyuma.* Mwigizaji atembee kinyumenyume, kisha geuza klipu wakati wa kuediti. Anaonekana kwenda mbele, lakini uzito wa miguu yake si wa binadamu. Moshi nyuma yake unarudi ardhini.

*Kusimamisha na kubadili.* Kamera kwenye stendi, mtu anasimama, mnaacha kila kitu kilipo, anaondoka, mnaendelea kupiga. Ukikata katikati, ametoweka. Mfaransa Georges Méliès alikuwa akiitumia hila hii mwaka 1896, na bado inafanya kazi. Itumie bila muziki wa kushtua: mama anageuka kuchota maji, anarudi, zimwi halipo, anaendelea kuzungumza nalo.

*Ukubwa wa uongo.* Mweke mmoja karibu na kamera na mwingine mbali, ili miguu yao ionekane iko kwenye mstari mmoja. Simu huonyesha karibu na mbali vyote kwa ukali, hivyo hapa inafaa hata kuliko kamera za bei. Piga mchana, mwanga uwe mwingi.

Hila moja kwa kila sini, basi.

Hatua ya 8: Sauti, ambayo ni nusu ya filamu

Watu husamehe picha yenye chenga. Sauti mbaya hawaisamehi.

Bana maiki kifuani, rekodi kwenye simu ya pili, piga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni mwa kila shoti ili uoanishe picha na sauti baadaye. Zima friji na feni. Sikiliza ratiba ya adhana, ya jenereta, na ya kunguru ikiwa uko Dar es Salaam au Unguja. Kabla ya kuondoka kila mahali, wote mkae kimya, rekodi dakika nzima ya ukimya wa mahali pale. Utauhitaji kuziba mianya.

Kisha siku nyingine, tengeneza sauti za ajabu:

- Mfupa unaovunjika ni muwa uliovunjwa karibu na maiki, au kabichi iliyopasuliwa kwa mikono.
- Sauti ya ndani ya ngoma: msichana aimbe akiwa ameinamia ndoo kubwa tupu, maiki ikiwa ndani ya ndoo, blanketi juu. Hapati shida yoyote, na mlio unakuwa mzito na wa karibu.
- Pumzi ya zimwi: rekodi mtu akiburuta mkeka sakafuni, ipunguze kasi kwa nusu kwenye Audacity.
- Nyuki: watu watatu wavume midomo imefungwa, kila mmoja kwa sauti yake, kisha rundika rekodi hizo juu ya nyingine.

Kwenye sini ya hatari kuu, jaribu kuondoa sauti zote isipokuwa moja. Kwenye ile sini ya wali na mchuzi, bakiza sauti ya kijiko tu.

Hatua ya 9: Kuediti

Panga sini zote kwanza kwa shoti zile pana, uone hadithi. Halafu ingiza za karibu. Kila shoti iache sekunde moja zaidi ya inavyokustarehesha, hasa baada ya mtu kutoka kwenye fremu. Rangi: punguza ukali wa rangi zote, bakiza moja inayorudi, kama nyekundu ya kanga ya mama. Mwisho, keti na watu wawili ambao hawakuwepo wakati wa kupiga. Usiwaeleze kitu. Watazame wao, si skrini, na andika dakika wanaposhika simu zao.

Ikikwama

*Picha ina chenga gizani.* Hukuwa na mwanga wa kutosha. Mulika zaidi wakati wa kupiga, kisha utie giza wakati wa kuediti. Giza la kweli simu haliliwezi.

*Taa zinapepesa.* Rudi kwenye shata 1/50 au 1/100. Zikiendelea, ni balbu yenyewe, badilisha.

*Sauti inaachana na midomo kadiri klipu inavyoendelea.* Simu nyingi hubadilibadilisha idadi ya fremu zenyewe. Pitisha klipu kwenye HandBrake, programu ya kompyuta ya kubadili faili za video, chagua fremu zisizobadilika, 25, kisha editi upya na klipu hizo.

*Watu wanacheka.* Mara nyingi zimwi limeonekana mapema mno au kwa muda mrefu mno. Kata shoti zake kwa nusu. Pili, angalia kama mwigizaji anaigiza kuogopa. Tumia zile alizotulia.

*Wanasema hawaelewi.* Waulize hawaelewi nini. Kama ni "kwa nini ngoma inaimba", acha, ndivyo inavyotakiwa. Kama ni "yule ni mama yake au shangazi", rekebisha, hata kwa neno moja la kuita. Mtazamaji apotee kwenye ajabu, asipotee kwenye ukoo.

*Mwigizaji ameondoka katikati.* Piga mgongo wa mtu mwingine aliyevaa nguo zilezile, sauti irekodiwe kwa simu aliko. Katika filamu ya namna hii, kumuona mhusika ghafla kwa mgongo tu kunaweza kuwa bora kuliko ulivyopanga.

Kabla ya kuituma

Toa faili ya MP4 ya 1080p, na nyingine yenye maandishi ya tafsiri chini ya picha kama unalenga matamasha. Tamasha la filamu la ZIFF, Zanzibar, ambalo wengi wetu tunalifahamu kwa maonyesho yake Ngome Kongwe, hupokea pia filamu fupi. Soma masharti ya mwaka husika. Usiipandishe mtandaoni kwanza, maana baadhi ya matamasha hayapokei filamu iliyokwisha kuonyeshwa hadharani. Majina ya wote waliokusaidia yaandikwe mwishoni, na aliyewapikia chakula awemo. Kabla ya kuituma kokote, wape waliokuazima nyumba yao waitazame.